Karani Aliyetaka Chumba cha Tajiri

Katika kila mji mkubwa duniani pana nyumba moja au mbili ambazo wenyeji huzipita kila siku wasiingie. Si kwamba mlango umefungwa. Mlango u wazi usiku na mchana, taa zawaka, na bawabu aliyevaa koti lenye vifungo vya shaba asimama tayari kuufungua. Walakini mpita njia hujitazama viatu, hupapasa mfuko, kisha hushika njia yake. Nyumba hizo ni hoteli za fahari. Sifa zake hufika mbali, hata wako watu ambao hawajaikanyaga Berlin wala London wawezao kukutajia jina la Adlon au la Ritz. Tena wako waliojinyima miaka mingi ili waingie humo mara moja tu, walale usiku mmoja au wanywe chai ya alasiri, kisha watoke na jambo la kuwasimulia wajukuu.

Riwaya ninayotaka kuieleza hapa yahusu mtu wa namna hiyo. Iliandikwa kwa Kijerumani na bibi mmoja aitwaye Vicki Baum, ikatolewa mwaka 1929 kwa jina la Menschen im Hotel, yaani Watu Hotelini. Mwaka uliofuata Basil Creighton aliifasiri kwa Kiingereza, na Waingereza na Wamarekani wakaijua kwa jina la Grand Hotel. Mwaka 1932 ikatengenezwa sinema kule Hollywood, ikiongozwa na Edmund Goulding, nayo ikapata tuzo ya Oscar ya sinema bora ya mwaka. Wengi waliosikia habari zake wanaijua kwa sababu ya waigizaji wake mashuhuri: Greta Garbo aliyekuwa mcheza dansi, John Barrymore aliyekuwa mwizi mwenye cheo, Joan Crawford aliyekuwa mpiga taipu. Kwa sababu hiyo watu huikumbuka kama hadithi ya mapenzi na lulu. Mimi nasema kwamba moyo wa hadithi hii hauko kwa mcheza dansi wala kwa mwizi wake. Uko kwa karani mmoja dhaifu, mwenye koti kuukuu, aitwaye Otto Kringelein.

Kringelein ni karani msaidizi wa hesabu katika kiwanda cha nguo kwenye mji mdogo wa Fredersdorf. Amekwisha kuwa mtu mzima, na maisha yake yote ameyamaliza juu ya daftari. Siku moja daktari amwambia kwamba ana ugonjwa usioponyeka na kwamba siku zake zimehesabiwa. Wengine katika hali hiyo wangalikwenda kanisani, au kwa jamaa, au kitandani. Kringelein akusanya akiba yote aliyo nayo, aondoka pasi na kumwaga mtu, apanda gari la moshi mpaka Berlin, aingia katika Hoteli Kubwa, na kuomba chumba. Ametaka, kabla hajafa, kuyaonja maisha kama wanavyoyaonja wengine.

Angalieni alivyoichagua hoteli yenyewe. Si mtu wa kujua mahali pa starehe. Aijua hoteli hiyo kwa kuwa ndiyo anayoshukia bwana wake, Mkurugenzi Mkuu Preysing, kila aendapo Berlin kwa shughuli za kampuni. Karani wa hesabu ni mtu wa ajabu katika ulimwengu wa kazi: fedha nyingi hupita mbele ya macho yake, naye huziandika kwa wino safi, tarakimu kwa tarakimu, lakini hazimgusi hata kidole. Mshahara wa mkubwa aujua, na gharama za safari zake azijua. Basi Kringelein hakutamani anasa tu kama mtoto atamanivyo peremende. Alitaka kuona kwa macho yake kile alichokuwa akikiandika.

Hapo ndipo panapokuja sehemu ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko zote. Wapokeaji wageni wamwona jinsi alivyo, koti lake na mzigo wake, nao wafanya kama wafanyavyo wapokeaji wageni popote: hawamfukuzi, ila wampa chumba kibaya, kidogo, kilichojificha mahali ambapo mgeni wa maana hawekwi. Mtu mwingine wa hali yake angalishukuru. Kringelein alikwisha kushukuru kwa vyumba vibaya maisha yake yote. Safari hii arudi chini, asimama mbele ya watu, na kwa sauti inayotetemeka asema kwamba hakuja kutoka mbali ili alale katika tundu. Fedha zake ni fedha kama za Preysing, na chumba anachotaka ni kama cha Preysing. Apewa. Chumba kikubwa, samani za mti mzuri, na hamamu yake mwenyewe yenye maji ya moto ambamo aweza kuoga saa yoyote apendayo.

Mwenye kusoma haraka atacheka. Mtu anayekufa, naye agombea chumba! Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba ugomvi huo hauhusu ukubwa wa kitanda. Kwa miaka mingi watu wamemtazama Kringelein wakaamua anachostahili kabla hajafungua kinywa. Sasa, kwa mara ya kwanza, akataa hukumu hiyo, naye aikataa mahali penye watu wengi. Bibi Baum hakuipamba sehemu hii kwa maneno makubwa. Amwacha karani aonekane mwenye kuchekesha kidogo, mwenye hofu, karibu kulia, na kwa sababu hiyo twamwamini. Shujaa angaliomba chumba hicho kwa kiburi, nasi tusingalijali kama akipewa au akinyimwa.

Ili kuupima uzito wa akiba ile, yafaa tukumbuke wakati na mahali. Ujerumani ilikuwa imeshindwa katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Mwaka 1923 fedha yake ilianguka thamani hata mwezi wa Novemba dola moja ya Kimarekani ilibadilishwa kwa marki zaidi ya bilioni elfu nne. Watu waliokuwa wameweka akiba ya maisha yao benki waliamka wakakuta haitoshi kununua mkate. Fedha mpya ilitolewa mwaka huo huo, na mambo yakatulia kwa miaka michache, lakini mtu mdogo aliyekwisha kuona akiba ikiyeyuka namna ile hakuweza tena kuamini kwa moyo wote kwamba kuweka ni kuwa salama. Kringelein ni raia wa nchi hiyo. Tunapomhukumu kwa kutumia fedha zake zote katika siku chache tusisahau kwamba majirani zake wengi walizipoteza zao bila kutumia hata senti.

Msomaji wa Kenya naye ana kumbukumbu yake. Katika siku za ukoloni hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa na kizuizi ambacho Kringelein hakukijua. Yeye alipimwa kwa koti. Mwafrika alipimwa kwa ngozi, na hata angalikuwa na fedha za kujaza gunia asingalipewa chumba kikubwa wala kidogo. Aliyeingia humo aliingia kwa mlango wa nyuma, akabeba sinia. Natoa mfano huu kwa kupita tu, maana si habari ya kitabu; ila huenda ukasaidia kueleza kwa nini wasomaji wetu huielewa kwa upesi sauti ile inayotetemeka mbele ya meza ya mapokezi.

Sasa tumfuate Kringelein ndani. Mwandishi ampa kila kitu kinachoitwa starehe. Aagiza kinywaji chenye jina la kigeni kwa sababu amelisikia jina likitajwa. Avaa nguo mpya. Baroni Gaigern, kijana mzuri wa sura ambaye kwa kweli ni mwizi, amchukua katika motokaa iendayo mbio, na katika eropleni, na mahali pa mapigano ya ngumi, na penye meza ya kamari. Yote hayo yaandikwa kwa furaha na kwa kasi. Lakini tazameni vizuri ni kipi kinachomfurahisha karani zaidi. Motokaa yamtia hofu, na kinywaji chamletea maumivu ya tumbo. Kinachomfurahisha ni kwamba Baroni anena naye kama mtu wa kawaida, na kwamba msichana aitwaye Flämmchen, mpiga taipu aliyeajiriwa na Preysing, akubali kucheza dansi naye. Hoteli yauza vyumba na vyakula, nayo yaviuza ghali; lakini mambo mawili yaliyomfaa karani hayakuwamo katika hesabu aliyoletewa kulipa.

Hapa sina budi kueleza ukali wa mwandishi, kwa sababu waliokisifu kitabu na waliokidharau wote wamekisema kuwa ni laini. Baroni ni rafiki wa kweli wa Kringelein, naye pia amemwibia. Usiku mmoja karani azidiwa na maumivu na kuanguka, nao mkoba wake ulionona kwa fedha alizoshinda katika kamari waingia mkononi mwa Baroni. Baroni azihitaji sana fedha hizo. Kringelein azinduka, aukosa mkoba, naye apiga kelele kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Si uchoyo. Kila marki iliyomo ni saa moja au siku moja ya maisha aliyobakiwa nayo. Aliyemwibia fedha amemwibia siku. Baroni amtazama, asitahimili, ajifanya kuuona mkoba umeanguka mahali, amrudishia. Na kwa kuwa amerudisha, hana budi kutafuta fedha kwingine, na huko kwingine ndiko anakokutana na mauti yake: aingia chumbani kwa Preysing kuiba, na Preysing amwua kwa kumpiga. Katika riwaya ampiga kwa kidau kizito cha wino. Katika sinema kwa simu. Mtu wa biashara ameua kwa chombo cha biashara. Sijui kama wenye sinema walilipanga jambo hilo au lilitokea tu, lakini limetokea vema.

Tendo moja la huruma, basi, lamwua aliyelitenda. Kitabu laini hakina habari kama hizo.

Kuhusu Preysing yapo mengi ya kusema, nami nitasema machache. Si mtu mwovu anapoingia hotelini. Ni baba wa familia, mwenye kujivunia uaminifu wake. Amekuja kuunganisha kampuni yake na nyingine, nayo mambo yake ni mabaya. Ili aipate sahihi ya wenzake asema uwongo kuhusu mapatano na kampuni ya Manchester, mapatano ambayo ajua yamevunjika. Uwongo huo mmoja wamfungulia mlango wa mengine. Amtaka msichana wa taipu kwa fedha. Kisha aua. Sinema inaye mwigizaji hodari, Wallace Beery, lakini yamfanya jitu lenye kunguruma tangu mwanzo, nasi twamchukia kabla hajafanya lolote. Riwaya ni ya haki zaidi kwake, na kwa hiyo yatisha zaidi.

Walakini kuna jambo moja ambalo sinema yalionyesha vizuri mno, nalo ni pale karani na mkurugenzi wanapokutana penye watu wanywao na kucheza dansi. Mkurugenzi, akiona mtu wa mshahara ule katika mahali pale, afikia upesi uamuzi mmoja: karani huyu ameiba fedha za kampuni. Hawezi kufikiri njia nyingine. Amtishia kumfukuza kazi. Na Kringelein, ambaye sauti yake Lionel Barrymore aifanya ianze chini kisha ipande hata ivunjike, amjibu mbele ya watu kwamba hafukuziki. Mtu anayekufa hana kazi ya kupoteza. Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu walipoitazama sehemu hiyo walipiga makofi. Niliwauliza kwa nini walipiga makofi, nao wakanyamaza kidogo. Uhuru ule ni wa namna gani, ambao mtu hawezi kuupata mpaka daktari amwambie kwamba atakufa? Kama kumjibu bwana wako kwa heshima sawa ni haki ya mtu, basi yapasa awe nayo akiwa mzima, siku ya Jumatatu asubuhi, na mshahara wake ungali mbele. Hilo ndilo shtaka kubwa lililomo katika hadithi hii, na ajabu ni kwamba limewekwa ndani ya kitabu cha kupitishia wakati.

Maana ndivyo kilivyoitwa. Kwanza kilitolewa kidogo kidogo katika gazeti la picha la Berlin, na Bibi Baum mwenyewe alikipa jina dogo la mzaha, la kukifananisha na hadithi za bei rahisi zilizokuwa zikichuuzwa mlango kwa mlango, ingawa aliongeza kwamba kina mambo nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa kazi. Alizaliwa Vienna mwaka 1888, akapigia kinubi katika bendi za muziki wa kitaalamu, kisha akaajiriwa na kampuni kubwa ya magazeti mjini Berlin. Alieleza kwamba kabla ya kuandika kitabu hiki alifanya kazi ya kutandika vitanda kwa muda katika hoteli moja ya mji huo. Wahakiki wa siku zake waliona haya kumsifu mtu ambaye vitabu vyake vilinunuliwa na wapiga taipu. Mimi sioni haya. Kitabu kinachosomwa na mpiga taipu akiwa garini baada ya kazi, naye akajikuta humo ndani akiwa mtu na wala si chombo, kimefanya kazi ambayo vitabu vingi vya wataalamu havikuifanya.

Lakini kumsifu si kumwachia yote, na kuna jambo ambalo nalilaumu kwa nguvu. Kringelein anaye mke, Anna. Amemwacha Fredersdorf. Mwandishi atwambia kwamba Anna ni mwanamke wa manung'uniko, mbahili, mwenye kuhesabu kila senti, na kwamba maisha ya nyumbani yalikuwa makavu kwa sababu yake. Basi twakaribishwa kumsahau, nasi twamsahau kwa urahisi, hasa karani anapoondoka mwishoni akiwa pamoja na Flämmchen, msichana mzuri na mchangamfu. Mimi nauliza, ni nani aliyemfundisha Anna ubahili? Mshahara wa karani msaidizi ndio uliomfundisha. Mwanamke aliyepewa kidogo kila mwezi, akatakiwa akigawe kati ya makaa, viazi, na viatu, hakuwa na nafasi ya kuwa mkarimu na mwenye kicheko. Kazi ya kuhesabu iliyomfanya mume wake ahurumiwe na wasomaji ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya yeye achukiwe. Tena akiba ile haikuwekwa na mtu mmoja. Kila marki iliyowekwa ilikatwa katika chakula cha watu wawili. Kringelein anaoga katika maji ya moto ambayo Anna amesaidia kuyalipia, wala hakuulizwa.

Katika darasa langu jambo hili lilizua mabishano makali kuliko lolote. Kijana mmoja alisema kwamba mtu anayekufa ana haki ya siku zake za mwisho, na kwamba fedha ni za aliyezifanyia kazi. Msichana mmoja akamjibu kwamba basi na Anna aandikiwe hoteli yake. Watu wakacheka, lakini jibu lile halikupata jibu. Nami naamini kwamba kama Bibi Baum angaliuandika ukurasa mmoja tu, wa Anna akiipokea habari mlangoni kwake, kitabu kingalikuwa kikubwa zaidi, na raha ya Kringelein isingalipungua ladha. Ingalikuwa na chumvi. Mwandishi aliyeweza kumhurumia hata mwuaji alikosa nafasi ya mwanamke mwenye kitambaa cha jikoni.

La pili ninalolaumu ni bahati. Kringelein hajui kucheza karata, ashinda fedha nyingi. Hana mtu, apata msichana. Amehukumiwa kufa, na sinema yatwachia tumaini kwamba huko Paris aendako huenda akapona. Katika riwaya mambo haya yamewekwa kwa kiasi na hatuaminishwi sana. Katika sinema yamemiminwa kama sukari. Ilikuwa mwaka 1932, mamilioni ya watu wa Marekani hawakuwa na kazi, nao walilipa senti zao waingie gizani waione hoteli ambayo wasingaliiingia. Sinema yenyewe ilikuwa hoteli yao. Wenye sinema walijua wateja wao wanataka nini, wakajenga sebule kubwa ya mviringo, sakafu inayong'aa, meza ya mapokezi katikati kama madhabahu. Yapendeza kutazama. Walakini sakafu ile yang'aa mno, hatumwoni aliyeisugua.

Maana hoteli ya fahari ni nyumba mbili zilizofungwa pamoja. Mbele kuna zulia, maua, muziki, na watu wanaotembea polepole. Nyuma ya mlango mmoja mwembamba kuna ngazi za saruji, mvuke, vyungu, mashuka yaliyorundikwa, na watu wanaokwenda mbio. Ustadi wote wa kazi hiyo ni kuhakikisha kwamba mgeni hausikii mlango ule mwembamba ukifunguliwa. Bibi Baum, aliyetandika vitanda, aijua nyumba ya pili, na ingawa hakuiandika kwa urefu niliotaka, alimweka mtu mmoja mpakani, ambaye wasomaji wengi humpita kama wapita njia wanavyolipita jengo lenyewe. Ni bawabu Senf.

Tunakutana na Senf mwanzoni kabisa. Mke wake yuko hospitali, ana uchungu wa kuzaa, nao uchungu umekuwa mrefu na wa hatari. Senf angoja habari kwa simu. Hawezi kwenda, maana kazi ni kazi na wengi nje waitaka. Basi asimama mahali pake, atoa funguo, apokea barua, amwelekeza mgeni huyu na yule, akitabasamu kama ipasavyo. Na kati ya mgeni na mgeni uso wake wabadilika rangi. Wageni wote wa hadithi wapita mbele yake. Mcheza dansi apita, mwizi apita, Mkurugenzi apita akiwa huru na apita tena akiwa kati ya polisi. Kringelein apita mara nyingi, naye ni mtu mwema, lakini simkumbuki akimwuliza Senf habari za nyumbani. Wote wawili ni waajiriwa wa mshahara mdogo. Mmoja ameinunua ruhusa ya kusema alitakalo kwa muda wa siku chache, na mwingine amesimama hatua tatu mbele yake akiuma meno. Kitabu kimewaweka bega kwa bega, hakikusema neno, kikatuachia tuone wenyewe.

Yuko tena Daktari Otternschlag, aliyeharibiwa nusu ya uso na vita, akaaye sebuleni siku zote akiuliza kama kuna barua yake. Hakuna. Hakuna mtu awezaye kumwandikia. Wanafunzi hupenda sana kumwandika daktari huyu katika insha zao, kwa kuwa ana huzuni inayoonekana. Mimi namwona amechorwa kwa kalamu nene mno, na sitakaa kwake.

Yaliyofuata nje ya kitabu yana uzito wake. Bibi Baum alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Alikwenda Marekani mwaka 1931 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza uliotokana na riwaya hii, akaamua kuhamia huko. Na Wanazi walipotwaa serikali mwaka 1933 vitabu vyake vikapigwa marufuku katika nchi ya lugha aliyoiandikia. Akawa raia wa Marekani mwaka 1938, akafa Hollywood mwaka 1960. Hoteli Adlon, ambayo wasomaji wengine hudhani ndiyo aliyoichora, na wengine hubisha, ilifunguliwa mwaka 1907 karibu na Lango la Brandenburg. Iliokoka mabomu ya vita vya pili, kisha ikaungua Mei 1945. Jengo jipya lenye jina hilo lilifunguliwa mahali pale mwaka 1997, nalo lapokea wageni. Mtu akilipa hulala humo.

Anayetaka kuisoma riwaya na asome ile ya Creighton kwanza, kabla ya kuitazama sinema, ili uso wa Garbo usimfunike karani. Asome polepole sehemu ya chumba, na sehemu ya mkoba. Na afikapo mwishoni, wakati Kringelein na Flämmchen wamekwisha kuondoka na mizigo yao, na chumba kile kikubwa kinapigwa hewa na kutandikwa kwa ajili ya mgeni mwingine, asikifunge kitabu upesi, maana simu yalia katika kibanda, naye Senf aitwa. Mtoto amezaliwa. Asikiliza, ajifuta uso, akaa kimya kwa kitambo kisichofika dakika moja. Kisha mlango wa kuzunguka wazunguka, mgeni aingia, naye bawabu anyosha koti lake aende kumpokea.